Saa ya Jack Bauer na Historia Yetu: Ubora na Udhaifu wa Tamthilia ya 24

Katika vibanda umiza vya nchi hii ipo kanuni ambayo haikuandikwa popote, lakini kila mtoto anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, na mwisho wa picha atasimama. Kanuni hiyo nimeikuta pia Endamarariek, kata ya wakulima wa mahindi, maharage na mbaazi katika Wilaya ya Karatu, nje kidogo ya barabara ya lami inayowapeleka watalii Ngorongoro. Vijana wa huko, kama wenzao wa Mbagala, hawasemi tamthilia, wanasema sizoni. Zamani walinunua diski moja iliyobanwa vipande vyote vya msimu mzima. Siku hizi sizoni zinasafiri kwa flashi na kwa simu. Zinazopendwa kuliko zote ni za kijeshi na kijasusi.

Nimechagua kuiandikia moja tu, 24, kwa sababu mbili. Kwanza, ni mama wa nyingi zilizofuata. Wengi wa makomandoo wanaotembea kwenye skrini zetu leo wamerithi kitu kutoka kwake. Pili, historia yake inagusa Afrika Mashariki kwa karibu kuliko wapenzi wake wanavyofahamu. Sina nia ya kumkataza kijana yeyote asiitazame. Mimi mwenyewe niliitazama, tena kwa kukesha. Hoja yangu ni kwamba nguvu kubwa ya tamthilia hii na udhaifu wake mkubwa ni kitu kimoja, nacho ni saa. Na sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki tunao ushahidi, uliokwisha kuletwa mahakamani, wa nini hutokea watu wenye madaraka wanapoiamini saa hiyo.

Tuanze na tarehe. 24 ilianza kuonyeshwa na televisheni ya Fox nchini Marekani tarehe 6 Novemba 2001. Waliiunda Joel Surnow na Robert Cochran, na ilidumu misimu minane hadi Mei 2010, jumla ya vipande 192. Mwaka 2014 ikarudi kwa vipande 12. Kila msimu ni siku moja, na kila kipande ni saa moja ya siku hiyo. Steringi wake ni Jack Bauer, aliyeigizwa na Kiefer Sutherland, askari wa zamani wa kikosi maalumu anayefanya kazi katika kitengo cha kubuni cha kupambana na ugaidi. Tamthilia ilibuniwa kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, lakini ilipofika kwa watazamaji iliwakuta katika hofu ya mashambulizi hayo, ikawa kana kwamba ilitungwa kwa ajili yao.

Tarehe nyingine haitajwi na wapenzi wa 24. Siku 19 kabla ya kipande cha kwanza, tarehe 18 Oktoba 2001, mahakama ya shirikisho mjini New York iliwahukumu watu wanne vifungo vya maisha kwa makosa yaliyohusu milipuko ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 213 walikufa Nairobi, 11 Dar es Salaam. Mmoja wa waliohukumiwa alikuwa Mtanzania kutoka Zanzibar. Nitarudi kwenye kesi hiyo, kwa kuwa ndiyo mizani nitakayoitumia.

Haki inataka tuanze na ubora. Ubora wa kwanza ni wa ufundi. Saa ya tarakimu inayolia kati ya matukio, na skrini iliyogawanywa ili tuwaone watu watatu wanne katika dakika ileile, viliifanya televisheni ifanye jambo ambalo riwaya hulipata kwa shida: kumfanya mtazamaji ahisi kwamba wakati unapita hata kwa wale asiowatazama. Msimu wa tano, wa mwaka 2006, ulipata tuzo ya Emmy ya tamthilia bora, na Sutherland akapata ya mwigizaji bora. Hazikuwa tuzo za upendeleo.

Ubora wa pili ni wa kisiasa. Picha nyingi za kijeshi za Marekani zinamweka adui ng'ambo ya bahari na serikali yao upande wa malaika. 24 haikufanya hivyo. Katika msimu wa pili, ulioanza Oktoba 2002, rais wa nchi ni mtu mweusi, David Palmer, mwenye busara na mashaka; Obama alichaguliwa miaka sita baadaye. Katika msimu wa tano msaliti mkuu ni rais mwenyewe, Charles Logan. Mtazamaji anafundishwa kwamba hatari ya taifa inaweza kuketi katika kiti cha juu kabisa, ikiwa imevaa suti na kulindwa na sheria. Kwa vijana wa nchi zetu, ambako kumhoji mkubwa bado huhesabiwa utovu wa adabu, hilo ni somo la uraia.

Ubora wa tatu ni kwamba gharama inaonekana. Steringi hafi, lakini kila anachokipenda kinakufa. Mkewe anauawa mwishoni mwa msimu wa kwanza. Binti yake anamkimbia. Nchi aliyoiokoa inamkana. Ushujaa katika 24 si harusi ya mwisho wa picha. Ni mtu anayeondoka peke yake na vidonda vyake.

Sasa tuje kwenye saa. Tamthilia imejengwa juu ya dhana moja: kuna bomu, dakika zinahesabika, mtu mmoja anajua lilipo, naye yuko mbele yako amefungwa kwenye kiti. Ukimtesa, maelfu wataokoka. Usipomtesa, umewaua. Shirika moja la wazazi nchini Marekani lilihesabu matukio 67 ya mateso katika misimu mitano ya kwanza. Tatizo si wingi wake tu. Karibu kila mara Jack Bauer anapotesa, anapata jibu, na jibu ni la kweli, na linapatikana kwa dakika chache. Saa imefuta mambo yote yanayochukua muda: kuhakiki habari, kulinganisha maelezo, kumtafuta shahidi, kumsikiliza wakili, kumfikisha mtu mbele ya hakimu. Katika ulimwengu wa saa hiyo taratibu hizi si ulinzi wa mwananchi; ni urasimu unaomsaidia gaidi.

Waliolitambua tatizo hili mapema ni askari wenyewe. Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo katika chuo cha kijeshi cha West Point, alikwenda California kuonana na watengenezaji wa 24, akiwa na wahoji wenye uzoefu wa miaka mingi. Aliwaambia kwamba tamthilia yao inamharibia kazi ya kuwafundisha maofisa vijana, ambao walikuwa wameanza kuamini kwamba sheria ya vita ni kizuizi na kwamba mateso yanafanya kazi. Mwaka uliofuata, Juni 2007, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, Antonin Scalia, alimtetea Jack Bauer katika mkutano wa majaji na wanasheria mjini Ottawa, akiuliza kama kuna baraza la kumtia hatiani mtu aliyeuokoa mji. Jenerali alitaka sheria iheshimiwe. Jaji alimtolea mfano mtu wa kubuni.

Mpenzi wa 24 atasema: hiyo ni sanaa tu, na kila mtu anajua tofauti ya picha na maisha. Ndiyo maana narudi kwenye kesi yetu.

Baada ya milipuko ya 1998, mmoja wa washukiwa wakuu alikamatwa Nairobi siku chache tu baadaye. Wapelelezi wa FBI walikaa naye chumbani, wakamhoji kwa siku kadhaa, wakamtega kwa maelezo yake mwenyewe yaliyokuwa yakipingana, mpaka akasema. Alitoa pia namba ya simu ya Yemen iliyowafungulia wapelelezi mlango wa mtandao mzima. Mawakili wake waliyapinga maelezo hayo mahakamani, na baada ya mabishano marefu jaji aliyakubali. Mei 2001 washtakiwa wote wanne walikutwa na hatia. Huo ndio upelelezi ulioleta hukumu ya Oktoba 18. Haukuwa na saa ya kulia kati ya matukio, wala hakuna aliyeutengenezea sizoni.

Kisha ikaja zama nyingine. Agosti 2002 wanasheria wa serikali ya Marekani waliandika waraka wa siri ulioifinya maana ya mateso hadi ikabaki karibu tupu. Machi 2003 Suleiman Abdallah Salim, Mtanzania aliyekuwa mvuvi na mfanyabiashara mdogo, alikamatwa Mogadishu na watu wa mbabe wa kivita mmoja wa Kisomali, akakabidhiwa kwa Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, akasafirishwa hadi gereza la siri nchini Afghanistan. Huko alifungwa minyororo gizani, akanyimwa usingizi, akapigiwa muziki wa kelele bila kukoma, akamwagiwa maji ya baridi, akafungiwa ndani ya sanduku. Baadaye alihamishiwa Bagram. Agosti 2008, baada ya zaidi ya miaka mitano, aliachiwa na kupewa karatasi iliyosema kwamba hakuwa tishio. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Mwaka 2015 yeye na wenzake walifungua kesi dhidi ya wanasaikolojia wawili walioubuni utaratibu ule wa mateso, na Agosti 2017 kesi iliishia katika suluhu kabla ya kusikilizwa.

Ndugu msomaji, uweke mwaka 2003 kando ya skrini. Wakati msimu wa pili wa 24 ulipokuwa ukionyeshwa na Jack Bauer akipata majibu ya kweli kwa dakika chache, mvuvi wa kwetu alikuwa akiulizwa maswali ambayo hakuwa na majibu yake. Kwenye picha, aliyefungwa kwenye kiti huwa anajua. Mwandishi wa hadithi amekwisha kutuhakikishia. Katika maisha, swali la kwanza ni kama umemkamata mtu anayehusika, na swali hilo mateso hayawezi kulijibu, kwa sababu asiye na habari naye atasema chochote ili maumivu yakome. Ripoti ya kamati ya Seneti ya Marekani, iliyotolewa kwa muhtasari Desemba 2014, iliwahesabu watu 119 waliopitia magereza yale ya siri, na kusema kuwa angalau 26 kati yao hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya CIA wenyewe. Ilihitimisha pia kwamba mateso hayakuwa njia yenye ufanisi ya kupata habari.

Vipi kuhusu aliyehusika kweli? Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari, alikamatwa Pakistan mwaka 2004 na kuwekwa katika magereza hayohayo kabla ya kupelekwa Guantánamo. Alipofikishwa mahakamani New York mwaka 2010, upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi muhimu kutoka Tanzania, aliyedaiwa kumuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan alikataa shahidi huyo asisikilizwe, kwa kuwa serikali ilimfahamu kutokana na maneno yaliyopatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, Ghailani alikutwa na hatia ya shtaka moja. Kwa hilo moja alifungwa maisha. Lakini kwa kila mmoja wa waliouawa, shtaka la mauaji lilianguka. Familia za marehemu wa Nairobi na Dar es Salaam zilinyimwa hukumu kama ile iliyotolewa mwaka 2001. Linganisha kesi hizi mbili, za tukio lilelile, katika mji uleule: wapelelezi walipofuata utaratibu, haki ilitimia, walipofuata saa, ushahidi uliwaponyoka mikononi. Wahenga walikuwa wamekwisha kusema kwamba haraka haraka haina baraka.

Udhaifu wa pili wa 24 unaihusu ramani. Novemba 2008 ilitolewa filamu ya saa mbili, Redemption, iliyofungua njia ya msimu wa saba. Imewekwa katika nchi ya Kiafrika iitwayo Sangala. Usiitafute kwenye atlasi, haipo. Ilipigwa Afrika Kusini, na jenerali wake muuaji, anayewateka watoto wa shule ili wawe askari, anaitwa Benjamin Juma. Jina la shangazi na wajomba zetu limepewa mtu asiye na historia, asiye na chama, asiye na hoja. Katika msimu wa saba Juma huyo anaivamia hata Ikulu ya Marekani. Watoto askari ni jeraha la kweli la bara hili, kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo, na jeraha hilo lina sababu zinazoweza kutajwa: silaha, madini, mipaka, serikali zilizoshindwa na wafadhili wake. Sangala haina sababu. Iliumbwa ili Jack Bauer apate adui na mahali pa kusamehewa dhambi zake.

Nikiwa Endamarariek hapo ndipo hukumbuka masimulizi ya kale ya Wairaqw, ambao ndio wakazi wengi wa Karatu. Yana namna nyingi, na Wadatoga wanayo ya upande wao. Natoa kiini cha namna moja iliyokwisha kuandikwa. Zamani, kabla ya kufika katika nchi yao ya sasa, Wairaqw waliishi mahali palipoitwa Ma'angwatay, chini ya kiongozi Haymu Tipe. Vijana wenye nguvu walichoka na amani. Wakamteka mwanawe wa pekee, Gemakw, wakampeleka msituni, wakampa baba sharti: tupatie adui wa kupigana naye, la sivyo mtoto atakufa. Baba akawaita Wabarbaig. Vita vikawaka, watu wakafa wengi, na waliosalia wakaiacha Ma'angwatay wakaanza safari ndefu ya kutafuta makazi mapya.

Sijui hadithi ya kivita iliyo kinyume cha sizoni zetu kuliko hiyo. Haina steringi. Haimlaumu adui, adui aliitwa. Inawalaumu waliokuwa na nguvu bila kazi, wakataka vita viwape kazi, na inatueleza bei yake, ambayo ni kupoteza nyumbani. Jamii iliyoihifadhi simulizi hiyo kwa vizazi, na ambayo leo inalima, inaoana na kugawana visima na Wadatoga walewale, ilikuwa na somo la usalama wa taifa kabla ya West Point kujengwa. Nasikitika kwamba kijana anayeweza kutaja misimu yote ya 24 kwa mpangilio hajawahi kusimuliwa habari za Ma'angwatay. Si kosa la televisheni peke yake. Ni letu pia, tunaofundisha historia kana kwamba inaanzia Berlin mwaka 1884.

Kuna atakayeuliza haya yote yanamhusuje mkulima wa mbaazi. Yanamhusu. Katika vijiji vyetu vingi anapokamatwa mtu anayeshukiwa kuiba ng'ombe, neno la kwanza husikika mapema: ataje. Ataje wenzake, ataje walipoificha mifugo. Na fimbo huanza kabla ya swali la pili. Hakuna bomu hapo wala dakika zinazohesabika, lakini mantiki ni ileile ya kiti na kamba. Kijana anayeishangilia mantiki hiyo usiku kwenye skrini, kesho ni mgambo, ni askari wa hifadhi, ni polisi, ni ofisa mtendaji anayeletewa mtuhumiwa.

Kwa hiyo nina neno kwa kila kundi la wasomaji wangu. Wanafunzi, itazameni 24, na kila Jack Bauer anapopata jibu, jiulizeni mwandishi amewaficha nini: nani alihakikisha kwamba huyu ndiye? Wanaharakati, msiishie kulaani. Wapelekeni vijana simulizi mbadala, ikiwemo ya Salim na ya Ma'angwatay, kwa Kiswahili kinachoeleweka kibandani. Watumishi wa umma, ibara ya 13(6)(e) ya Katiba yetu inakataza mtu kuteswa na kudhalilishwa, na Sheria yetu ya Ushahidi hailipokei ungamo lililotolewa kwa vitisho au ahadi zinazoelekea kumfanya mtu akiri uongo. Masharti hayo hayakuandikwa kwa ajili ya siku za utulivu. Yaliandikwa kwa ajili ya siku ile ambayo mkubwa wako atakuambia kwamba muda hakuna.

Siku hiyo, kumbuka kwamba karibu kila aliyetesa aliamini kuwa muda hakuna. Kwa Suleiman Abdallah Salim, muda huo uliosemekana haupo ulikuwa miaka mitano.